Mwasumini wa Mama Juu ya Mawe

Kabla sijasema la kwangu, namsifu Mwenyezi Mungu, Mola wa nchi yenye rutuba na nchi yenye mawe, aliyeiandikia kila mbegu riziki yake kabla haijafukiwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyependa harufu nzuri, pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Nashukuru kwa umri niliopewa, kwa macho ambayo bado yanasoma msahafu wa herufi kubwa, na kwa magoti yanayolalamika lakini yanasujudu.

Nyumba yetu iko Micheweni, upande wa Pemba ambao wageni hawauamini. Mtu akisikia Pemba huwaza mikarafuu, mabonde ya mpunga na udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu. Kwetu huku ni maweni. Ukipiga jembe, jembe linalia. Udongo upo, ila umejificha ndani ya vishimo vya mawe, kiganja hapa, kikapu pale, na mvua ikinyesha hupita kama mpita njia anayesalimia bila kukaa. Visima vingi ni vya maji ya chumvi. Lakini uani kwangu kuna maua mwaka mzima. Kuna mirehani kando ya mlango wa jiko, kuna mwafu unaotambaa juu ya ukuta wa banda la mbuzi, kuna mishubiri inayotoa vishada vya rangi ya machungwa jua linapokuwa kali kabisa, na kuna yale maua madogo yaotayo makaburini, ya waridi na meupe, ambayo hayakupandwa na mtu. Yote haya hunywa kidogo na hurudi kila mwaka bila kupandwa upya. Na upo mwasumini. Huo ndio nitakaousimulia.

Mimi sikuzaliwa maweni. Nilizaliwa Wambaa, kusini mwa Pemba, na mama yangu alikuwa na mwasumini karibu na kisima, mkubwa kiasi cha kuku kutaga chini yake wiki nzima bila kuonekana. Kila Alhamisi baada ya alasiri mama alichuma matumba ya maua kabla hayajafunguka, akayatandaza kwenye ungo, akaniita nikae mbele yake. Alitunga kwa uchane mwembamba wa ukindu. Mimi nilikuwa nampa ua moja moja, na kazi yangu ya pili ilikuwa kunyamaza, kwa sababu midomo yake ilikuwa ikisoma. Magharibi ikiingia maua yanafunguka yenyewe akiwa ameyavaa, na nyumba nzima inajua kwamba usiku wa Ijumaa umefika. Hata sasa nikisikia harufu ile nahisi kwamba kuna mtu mbele yangu ananyoosha mkono, anasubiri ua jingine.

Nilipoolewa nililetwa huku na sanduku la nguo, msahafu wa marehemu baba na kijiti cha mwasumini ambacho mama alikifunga kwa makumbi ya nazi yaliyoroweshwa. Njia nzima nilikipakata. Tulipofika, mama mkwe alinipokea kwa udi na marashi, akanikumbatia, kisha akakiona kile kijiti kisicho na hata jani. Akamgeukia mwanawe mbele ya watu wote.

"Mwanangu, tulikwenda Wambaa kuposa mke. Kumbe tumepewa na kuni."

Watu walicheka, nami nikacheka chini ya mtandio huku machozi yakinitoka. Ndivyo alivyo mama mkwe. Ulimi wake unakuchanja, mkono wake unakufunga kidonda. Siku ya tatu ya harusi ni yeye aliyeniletea kikapu cha mavi ya mbuzi yaliyochekechwa, akayaweka miguuni pangu bila neno.

Mume wangu kazi yake ilikuwa kuvunja mawe na kuchonga matofali ya kujengea, na hakuna mtu aliyeyajua mawe ya kijiji kile kama yeye. Alizunguka ua mzima akigonga kwa mtaimbo na kusikiliza, mpaka akapata kishimo karibu na ukuta wa jiko, kirefu kama mkono wangu hadi begani. Tulikijaza udongo aliouleta bondeni kwa pakacha, tukachanganya na ile zawadi ya mama mkwe, nikakichomeka kijiti changu. Maji yalikuwa yanachotwa mbali, kwa kichwa. Nilikuwa nakipa kata moja kila Alhamisi, baada ya alasiri, saa ile ile ya mama. Sikukipa zaidi kwa sababu sikuwa nayo. Haikuwa elimu.

Kikashika. Mwaka wa kwanza kilitoa majani manne. Mama mkwe akawa anakiuliza hali kila asubuhi, "Kuni imeamkaje?", na mimi namjibu kwamba haijambo, inakusalimu. Masika ya tatu mwasumini ulikuwa umefika kwenye paa. Ulijifunza kiu, ukatafuta njia zake ndani ya mawe. Kiangazi majani yake yalisinyaa, yakawa madogo na magumu, nikadhani unakufa, halafu umande wa siku chache tu ukautosha kutoa maua. Wasichana wa kijiji wakawa wanakuja kwangu kabla ya harusi kuchuma asumini za vikuba vya kujipamba, pamoja na mrehani, na walio na jamaa upande wa karafuu huleta vilua vya kuchanganyia. Hapakuwa na bi harusi wa mtaa wetu ambaye hakunukia mwasumini wa mama yangu. Kwa hayo namshukuru Mungu, maana mama mwenyewe hakufika kwangu zaidi ya mara mbili katika maisha yake. Lakini alikuwa akiniuliza, na mimi namwambia nani kaolewa, naye anafurahi kama aliyealikwa.

Mama alifariki akiwa mzee, akiwa na shahada mdomoni, na hilo ni zaidi ya tulilomuombea. Kwa mwaka wake wa kwanza nilikwenda Wambaa kwa ajili ya hitima. Kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa mvuvi mpaka mgongo ulipomkatalia, alikuwa ameivunja nyumba ya udongo na kujenga ya matofali. Hakukosea. Ile ya zamani ilikuwa inavuja. Niliingia uani na chombo cha maandazi kichwani, nikasimama. Palikuwa na sakafu ya saruji kutoka mlangoni hadi kisimani, safi, imelainishwa vizuri.

Nilimuuliza mwasumini uko wapi.

Kaka alionyesha kwa kidevu. "Upo hapo chini. Ulikuwa unaleta nyoka."

Nilisoma pamoja na watu, nikala, nikawaaga wote, na nikapanda gari kurudi kwangu. Baada ya siku ile sikumpigia simu kaka yangu zaidi ya mwaka. Idd nilimtumia salamu, naye akanijibu salamu. Haya nayaandika kwa aibu, kwa sababu mimi ni mwalimu wa chuo cha Kur'ani. Watoto hukaa kwenye baraza yangu kila siku, na katika mambo ninayowafundisha ni kwamba anayekata udugu amejikatia mwenyewe. Nilikuwa naifundisha ile hadithi, watoto wanaikariri, na simu yangu ipo mfukoni.

Tangu siku hiyo mwasumini wangu haukuwa tena ua la uani. Ulikuwa ndio wa mwisho. Ukifa, harufu ya mama imekwisha duniani. Nikaanza kuutazama kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye homa. Nilihesabu majani. Nikipita usiku kwenda kutia udhu naugusa.

Vuli ya mwaka uliofuata haikuja. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa bahari, yananguruma, yanakwenda zake. Wakati huo tulikuwa tumeshapata maji ya bomba, siku mbili tatu kwa wiki, na tangi. Hatukuwa na shida ile ya zamani. Lakini nilipoona majani yanasinyaa, kama yalivyosinyaa kila kiangazi tangu niolewe, moyo wangu haukukumbuka hayo. Ulikumbuka saruji tu. Nikasema, huu sitaupoteza.

Hapa lazima nieleze jambo la chuoni. Siku hizi watoto wana misahafu na juzuu za kuchapishwa, lakini wanaoanza kwangu bado wanaandika kwenye mbao. Ubao tunaupaka udongo mweupe, tunaandika kwa wino wa masizi, na mtoto akishahifadhi, ubao unaoshwa ili aandikiwe aya nyingine. Maji yale yamebeba maneno ya Mwenyezi Mungu. Hayamwagwi njiani yakakanyagwa, wala hayachanganywi na maji machafu. Kila chuo kina mahali pake pa kuyaweka. Pangu palikuwa nyuma ya baraza, kwenye mishubiri, juu ya mwamba wenye ufa, yanazama na kutoweka.

Nikaona, kwa nini baraka hii ipotee ndani ya ufa? Nikawaambia watoto kwamba kuanzia leo maji ya mbao yanakwenda kwenye mwasumini wa Bi Mwalimu. Walikuwa wapata ishirini. Kila siku baada ya alasiri walikuja kwa mstari, kila mmoja na kikopo chake, wanamimina taratibu huku wanasoma walichohifadhi. Ilikuwa inapendeza. Nilikaa mlangoni nawatazama na nikajiona nimefanya jambo kubwa.

Habari haikukaa uani kwangu. Jirani aliyekuwa amerejea kutoka hija akaleta zamzam iliyobaki chupani, akamimina. Mwengine mwanawe alikuwa ameandikiwa kombe, aya za zafarani kwenye sahani nyeupe, kijana akanywa nusu akakataa iliyobaki; mama yake akaona mahali pa kuiweka ni hapo hapo. Mimi mwenyewe nikawa natawadha nikikanyaga ukingoni pa kishimo ili maji ya udhu nayo yasipotee. Jirani wa ukuta wa pili, mwanamke mcheshi, aliniambia, "Mwalimu, mti wako siku hizi mcha Mungu kuliko mume wangu." Tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Mwezi haukuisha majani yakaanza kuwa manjano. Nikaona ni kiu. Nikaongeza maji. Majani yakaanza kuanguka, na si yale makavu, yalianguka yakiwa laini na mazito. Nikaona ni jua. Nikatundika kanga kuukuu kuupa kivuli, nikaongeza maji. Kuna aliyesema ni jicho la hasidi, akashauri nifunge kitambaa cheusi. Hilo nililikataa, na nikasoma kinga za asubuhi na jioni nikiwa nimesimama mbele ya mti. Kisha nikaongeza maji. Na mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba israfu imekatazwa hata katika udhu, hata ukiwa umekaa ukingoni mwa mto.

Mama mkwe wakati huo alikuwa amezidi miaka themanini. Macho yalikuwa yamemwacha na yeye alikuwa haondoki kitandani sana, ila asubuhi alipenda kuletwa jikoni kuota moto wa kifuu, hata wakati wa joto. Asubuhi moja nilikuwa namwongoza kwa mkono, tukapita karibu na mwasumini, akasita. Akainua pua.

"Nani kafa hapa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, mama, ni mwasumini wangu, unaumwa.

"Niinamishe."

Nikamkalisha juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Akapapasa shina, akachomeka kidole kwenye udongo, akakitoa na kukinusa. Akakinusa tena. Nilimsubiri kama mwanafunzi anayesubiri ubao wake utazamwe.

"Weye huupa maji mara ngapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, maji ya mbao, zamzam, kombe, udhu, na sauti yangu ilikuwa bado na fahari kidogo. Alisikiliza bila kunikata. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake kisicho na meno, mpaka nikamshika bega asianguke.

"Umezamisha kuni," alisema. "Miaka yote hii nangoja ikauke, weye umeizamisha."

Niliumia. Nikamwambia maji yale ni ya Kur'ani, mama. Vipi baraka iue?

Akaacha kucheka. Alitafuta mkono wangu akaushika, na vidole vyake vilikuwa bado na lile tope.

"Baraka haikuua kitu, mwanangu. Maji ni maji. Uji wa mgonjwa tunausomea, sivyo? Basi mpe sufuria nzima uone kama hakutapika."

Mimi nimesoma kwa mashekhe, vitabu vimenipitia, na siku ile nilifundishwa na bibi huyu ambaye elimu yake yote ilikuwa ya masikio. Nikaenda kumwita mume wangu.

Alikuja na mtaimbo wake wa zamani. Tuliufukua udongo polepole, kwa mikono kwanza. Chini tukakuta maji meusi yamesimama. Kile kishimo alichokichagua siku za harusi yetu kilikuwa hakina njia ya kutokea, ni mwamba mzima pande zote, kama kinu. Kwa kata moja ya Alhamisi hakikuwa na madhara kwa miaka yote ile. Mizizi iliyanywa yakaisha. Kwa ndoo ya kila siku pakawa dimbwi. Mizizi ilikuwa laini kama tambi zilizopikwa zikasahauliwa. Nilikuwa naivuta nayo inabaki mkononi. Mume wangu aliendelea kufukua mpaka akapata mzizi mmoja, mmoja tu, uliokuwa umepenya kwenye mwanya wa ukutani, mgumu, mweupe ndani ulipokwaruzwa kwa ukucha.

Akaniuliza kama akate. Nikasema kata. Akaukata mwasumini wote, matawi ya paa na ya ukutani, akaacha gutu lisilozidi shubiri moja, na ule mzizi. Kisha akashuka ndani ya kishimo akapiga mtaimbo kwenye sakafu ya mwamba, kazi ya kutwa nzima kwa mzee kama yeye, mpaka tukasikia lile tope lililobaki linavutwa chini. Tulijaza kokoto, tukajaza udongo mkavu, tukalirudisha gutu. Kilichobaki kilifanana sana na kile kijiti nilichoshuka nacho siku ya harusi, ila hiki kilikuwa na umri wangu wa ndoa na sikuwa na mama wa kunipa kingine.

Mama mkwe akatoa amri kutoka jikoni. "Mti huu ukae eda. Hautembelewi, hauogeshwi, haupakwi kitu. Mpaka niseme miye."

Nikamuuliza eda ya muda gani.

"Itategemea. Wengine huolewa upesi."

Kaskazi ilikuwa inapuliza, ile ya joto inayokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Katika ibada zote nilizojaribu maishani, sijui kama ipo iliyonipa taabu kama kutolimwagia maji lile gutu. Kutoa ni kwepesi. Mtu akitoa anaona mkono wake. Mchana jua likiwa katikati nilikuwa nasimama mlangoni nalitazama, na tangi limejaa nyuma yangu. Siku moja sikuweza. Nilichota kata moja, nikavua viatu ili nisisikike, nikatembea kwa ncha za vidole.

"Kata hiyo inakwenda wapi?" sauti ikatoka jikoni.

Nikasema inakwenda kunywewa, mama.

"Basi inywe nikusikie."

Nikainywa yote pale pale niliposimama.

Watoto nao waliniuliza maji ya mbao wayapeleke wapi. Nikawarudisha kwenye mwamba wenye ufa. Mmoja, msichana mwenye maswali mengi, akataka kujua kama Mungu amekasirika. Nikamwambia hapana, aliyekosea ni Bi Mwalimu, na Bi Mwalimu anajifunza. Walinitazama kwa mshangao. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba mwalimu hujifunza.

Usiku mmoja baada ya isha nilikaa kitandani nikaishika simu. Nilikuwa nimefikiri kwa siku nyingi juu ya ile sakafu ya Wambaa. Kaka yangu alikuwa na saruji, na mimi nilikuwa na ndoo. Yeye angalau hakuwa amepewa amana yoyote juu ya ule mti. Nikampigia. Aliitikia kwa wasiwasi, akiuliza nani anaumwa, kwa kuwa tulikuwa tumefika mahali ambapo simu yangu ilikuwa ni ya msiba tu.

Nikamwambia, "Kaka, ule mwasumini wa mama uliobaki kwangu, nimeuua. Nimeuzamisha kwa maji. Na wewe nilikununia mwaka mzima kwa kosa hilo hilo. Nisamehe."

Akasema pole pole kwamba yeye hakujua. Maua yalikuwa mambo yangu na mama, alisema. Alikuwa akirudi kutoka baharini anatukuta tumekaa na ungo wetu, tumenyamaza, na mama anamwashiria kwa mkono apite.

"Mimi mama alinirithisha nyavu," alisema. "Hakunifundisha kutunga."

Sikuwahi kufikiri juu ya yule kijana anayepita na samaki wake mkononi. Katika kumbukumbu yangu ya Alhamisi hakuwamo kabisa.

Wiki iliyofuata akaja. Alishuka garini na fimbo, na utingo akamshushia gunia. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu wa Wambaa. Aliufukua mwenyewe, kando ya kisima, mahali ambapo saruji iliishia. Alisema pengine mti utautambua. Mama mkwe aliposikia kuna gunia akauliza kwa ukali kama kuna mtu ameleta maji mengine, na kaka yangu, aliyemjua, akamjibu kwamba ameleta gunia la kutilia mahari, kuni ile haikuwahi kulipiwa. Bibi alifurahi sana. Alitaka kaka akae karibu naye, wakazungumza juu ya watu waliokufa zamani mpaka adhuhuri.

Baada ya adhuhuri tukaumwaga ule udongo kuzunguka gutu, kaka na mimi, kwa viganja. Kiganja chake kina makovu ya kamba, changu kina wino usiotoka kwenye kucha. Gutu lilikuwa limekauka juu, rangi ya majivu. Kaka akalitazama, akanitazama, na kwa upole akasema yote ni ya Mungu. Nilijua amelikatia tamaa. Na mimi, kwa kweli, nilikuwa nimelikatia. Niliona kwamba nimeupoteza mti na nimempata ndugu, nikasema alhamdulillahi kwa lililobaki, na niliimaanisha, ingawa nilipoingia ndani nililia.

Masika yalianza na mvua ndogo ya alfajiri. Kulipokucha nilimpeleka mama mkwe jikoni kama kawaida, naye akataka kupitia kwa mgonjwa. Akainama, akapapasa lile gutu kutoka juu kuja chini, kidole kwa kidole, mpaka pale lilipoingia kwenye udongo mwekundu. Hapo kidole kikasimama. Akakirudisha nyuma kidogo, akakipeleka tena.

"Njoo uone," alisema. "Miye sioni."

Palikuwa na macho mawili ya kijani, madogo kuliko punje ya mpunga.

Sikuyamwagia maji. Nilingoja Alhamisi, na baada ya alasiri nikaleta kata moja. Bibi aliisikia inapita na hakuuliza.

Mama mkwe hakuishi kuyaona maua, au niseme hakuishi kuyanusa. Alitutoka kabla ya mwaka, Mungu amrehemu, ampe nuru pale alipo kwa ile nuru aliyokosa machoni. Maua yalikuja masika ya pili. Yalikuwa saba. Niliyachuma kabla hayajafunguka, nikayatandaza kwenye ungo, nikampigia kaka yangu simu ile ya picha, nikaiegemeza simu kwenye kinu ili anione. Nilichana ukindu. Nikamwonyesha jinsi uchane unavyopitishwa kwenye kikonyo na si kwenye ua, na jinsi ya kuyapanga yatazamane. Aliuliza maswali ya mvuvi, fundo hili linaitwaje, halichomoki? Alikuwa na uzi wa nyavu mkononi na maua ya mrehani wa mkewe, anajaribu, anaharibu, anaanza tena.

Sasa hunipigia kila Alhamisi. Huuliza hali ya mti kwanza, halafu yangu. Kuna chipukizi nimemkatia, limo kwenye kopo kando ya mlango, linashika mizizi, na sakafu yake ameshaitoboa karibu na kisima kwa nyundo na patasi, mzee wa umri ule. Nimemwambia jambo moja tu, achimbe mpaka maji yapate pa kutokea.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe kiu unayoiweza na maji yanayokutosha. Akuunganishie ndugu uliyemnyamazia, awarehemu wazazi wako walio hai na waliotangulia, na nyumba yako aijaalie harufu njema mpaka siku ya kukutana naye. Amin.